Mkwe Aliyeongea na Chungu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Michenga tu wazima, na mpunga umeanza kuchanua. Unauliza ufanyeje na zile sigara nene za wageni wa hoteli yenu, hazivutiki na zinazimika ovyo.

Nilipoolewa hapa nikitokea Masagati, mke mgeni hakuruhusiwa kuongea na baba mkwe, ila kumsokotea tumbaku ilikuwa kazi yake. Nikitaka anione hodari, niliyabana majani yakawa magumu kama kijiti. Akavuta mpaka mashavu yakabonyea, ikazima. Akawasha tena kwa kaa la moto, ikazima. Nikajua narudishwa kwetu.

Akageukia chungu cha wali. "Wewe chungu, mwambie mwenye jiko, tumbaku nayo inataka kupumua."

Nikaiviringisha taratibu kwa vidole mpaka ikalegea, nikaiweka karibu yake. Akaiwasha, akavuta, moshi ukatoka. Nawe jaribu hivyo, na zenye unyevu ziache kwanza mahali pakavu.

Miaka ikapita, akaugua, hawezi kuinuka. Nikamsokotea moja. Akavuta, akanitazama mimi, si chungu.

"Inavutika, mwanangu."

Bibi yako wa Michenga