Nafasi ya Papa Wenceslas kwenye miwani na kofia ya umeme

CHAMA CHA WAGONJWA WA KIHARUSI NA WANAOWATUNZA, KAMEMBE
Kikao cha Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, chumba cha mazoezi, kuanzia saa tisa alasiri

Waliohudhuria: Maman Béata (mwenyekiti), Papa Wenceslas (mwashi), Mzee Hamdani (fundi cherehani), Gad (kine, yaani mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, mwalikwa), Uwineza (katibu, binti ya Papa Wenceslas). Ikirezi, mtoto wa katibu, alikuwa mgongoni, hakuhesabiwa.

Hakuhudhuria: Mukamana, amevuka mpaka wa Rusizi II kwenda kuuza nyanya zake. Aliomba ruhusa.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Papa Wenceslas aliongoza sala. Mzee Hamdani aliongeza dua yake, fupi kuliko ya kikao kilichopita. Mwenyekiti alimshukuru.

KUMB. NA. 2/06/2025: TAARIFA YA GAD
Gad alieleza kwamba kofia inapitisha umeme mdogo sana kichwani ili ubongo ujifunze upesi, na miwani inamwonyesha mgonjwa mtu anayempa machungwa, ili mkono uliolala upate kazi. Vyote viwili vinakwenda pamoja. Lakini Papa Wenceslas kila mara anaubeba mkono wa kuume kwa ule wa kushoto. Anakatazwa, anakubali, anarudia. Mkono hauendelei. Nafasi ni moja tu, na wakubwa wa kituo hiki cha matibabu wanataka Jumatatu apewe mwingine.

Papa Wenceslas alitazama chini. Katibu aliacha kuandika kidogo. Mwenyekiti alimwambia, "Maman Ikirezi, andika tu. Hatuyazika muntu hapa."

KUMB. NA. 3/06/2025: MALALAMIKO YA MZEE HAMDANI
Mzee Hamdani ndiye anayefuata kwenye nafasi. Alisema mkasi wake unaota kutu nyumbani huku mwenzake anadanganya mashini.

Papa Wenceslas alijibu, "Sidanganye! Ule mukono unaendaka wenyewe."

"Unaendaka wenyewe, kama mbuzi kwa shamba la bantu?" Mzee Hamdani akauliza.

Mwenyekiti aliomba mbuzi waachwe nje.

Mzee Hamdani alitaka avishwe miwani awaonyeshe namna ya kufanya. Gad alikubali miwani, kofia alikataa mpaka daktari ampime kwanza. Wote waliona: Mzee alinyoosha mkono wake mgonjwa, na papo hapo wa kushoto ukaja kuushika chini ya kiwiko. Alipoulizwa, alisema kwa hasira, "Munataka nifanye nini? Mumama muzee ananipa chungwa, nimupokee na mukono moja kama muntu asiye na kwao?"

Chumba kizima kilicheka, Papa Wenceslas kuliko wote. Gad alieleza kwamba yeye kwenye kompyuta huona mistari ya mkono tu, hamwoni anayetoa chungwa. Miwani aliivaa siku ilipoletwa, na hakumbuki mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi. Mwenyekiti alisema huku kwetu hata mwenye mikono mizima hapokei kitu kwa mkubwa bila kushika kiwiko, hata akiota.

KUMB. NA. 4/06/2025: JARIBIO NA UAMUZI
Ni Mzee Hamdani mwenyewe aliyependekeza awekwe mtoto, kwa sababu mtoto hupokelewa kwa mkono mmoja. Gad alitafuta kwenye mashini, yule bibi akatolewa, akawekwa msichana mdogo. Papa Wenceslas alivishwa kofia na miwani.

Mkono wa kushoto ulibaki pajani. Wa kuume ulitetemeka, ukatulia, halafu ukaacha paja. Si juu sana, upana wa kiganja hivi, lakini peke yake. Katibu aliandika mstari huu akiwa amesimama.

Gad alimpigia mkubwa wake hapo hapo. Jibu: Papa Wenceslas aendelee. Mzee Hamdani alikubali kungoja. Alisema, "Lakini ukikawia tu, Wence, nitakuja kukuvua hiyo kofia miye mwenyewe."

KUMB. NA. 5/06/2025: KUFUNGA
Kikao kilikuwa kiishe saa kumi na moja. Hakikuisha, maana Papa Wenceslas alikataa kuvuliwa miwani. Alisema, "Mungoje kwanza. Hako katoto kananinyooshea chungwa lingine, nikaache na mukono hewani?" Wajumbe walingoja.

Maman Béata, Mwenyekiti ....................

Uwineza, Katibu ....................