Kulia kwa Nani? Mwaka Mmoja Bila Mwalimu wa Mkono wa Chuma

Familia, kwa moyo mzito na kwa heshima zote zinazostahili, inawatangazia walimu, wanafunzi, mafundi, majirani na umma kwa jumla kwamba ni mwaka mmoja sasa tangu nguzo yetu, mhandisi wa wahandisi, ilipoanguka. Umma wenyewe, Babu, ni watu wanaosoma ubao wa matangazo wa chuo wakiwa kwenye foleni ya chai. Na wewe hukuwa nguzo. Ulikuwa mfupi, ukipanda kigoda ili uandike sehemu ya juu ya ubao.

Tunaikumbuka tai yako, ile yenye tundu lililotobolewa na cheche za kulehemu. Kila Bibi alipotaka kuitupa, ulikimbia kuidaka.

"Mama watoto, tundu hili lina elimu ndani yake!"

"Basi vaa tundu, tai niachie niitupe."

Uliizoea kazi yako kama wengine wanavyozoea kitanda. Uliwafundisha vijana jinsi kompyuta na roboti zinavyotumika katika uhandisi, lakini wiki ya kwanza hukumruhusu mtu yeyote kugusa kompyuta. Ulimgeuza mwanafunzi mmoja kuwa roboti. Alifungwa kitambaa machoni, akasimamishwa katikati ya karakana, na mwenzake akasimama mbele yake, uso kwa uso. Kazi ya mwenzake ilikuwa kumwongoza kwa maneno matupu mpaka afike kwenye jagi anywe maji.

"Mbele! Mbele! Simama. Haya, kulia!"

Roboti akageuka kwa kujiamini, akajigonga kwenye kabati la spana.

"Nimesema kulia, wewe!"

"Si ndiko nilikogeuka? Au unataka nigeuze na kabati?"

Nawe umekaa juu ya meza, unaning'iniza miguu kama mtoto, ukauliza swali lako: "Kulia kwa nani?"

Ukawaeleza kwamba binadamu atakuelewa hata ukisema vibaya, kwa sababu anakujua. Kompyuta haikujui. Haina akili, ina utii. Ukiuagiza mkono wa roboti uchomelee mlango wa gari upande usio wake, utauchomelea vizuri kabisa, tena na tena, wala hautauliza. Ndiyo maana uliwataka wachore daraja kwenye kompyuta na kulipakia malori ya kwenye skrini mpaka lianguke. "Livunjike hapa," ulisema, "ambapo hakuna mama wa mtu juu yake."

Swali lile likawa jina lako. Chuoni uliitwa Kulia kwa Nani, hata na wapishi. Siku tulipokuzika, watu wote wakibubujika machozi, mwanafunzi mmoja wa nyuma akanong'ona, "Jamani, kulia kwa nani?" na safu mbili nzima zikaangua kicheko mbele ya jeneza lako. Shangazi alikasirika. Bibi alisema ungemlipia yule kijana nauli.

Kisha kuna habari ya mke mwenza. Zamani cheo hicho kilikuwa cha mjukuu wako wa kike, maana Bibi alimtania hivyo tangu alipokuwa anatambaa. Ulipouunda ule mkono wa chuma kwa mota za mashine zilizokufa, ukawa unakwenda kuupaka mafuta hata siku za mapumziko, mjukuu alishushwa cheo bila hata barua ya onyo. Ulikuwa ukirudi nyumbani, Bibi anauliza kwa upole, "Mke mwenzangu hajambo? Amekula?"

Ulipoondoka, mke mwenza alibaki kwenye kona ya karakana, amefunikwa shuka. Kompyuta iliyomwongoza ilikufa mwezi uliofuata, ikafa na amri zake zote. Mkuu wa chuo, ambaye si mtu mbaya ila anapenda nafasi ionekane, akasema kwamba kama muhula utakwisha bila mtu wa kuufanya mkono ule upite mtihani wako wa kila mwaka, utakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Bibi alikuwa anakunja nguo habari ilipofika. Aliacha kukunja.

"Mume wangu nimeshamzika," alisema. "Huyu naye apimwe kwa kilo? Nani hapa nyumbani anaweza kumwamsha?"

Mjukuu wako, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni na hakuwa na sifa yoyote ila mdomo, akanyoosha kidole kabla hajafikiri.

Likizo yote alishinda karakanani na mwanafunzi wako wa mwisho, yule mliyemwita Kimya, wakiandika amri upya kwenye kompyuta nyingine: juu, chini, kulia, kushoto, kamata, achia. Mtihani wako wanaujua wote. Mkono uchukue balbu kwenye sinia, uifunge kwenye holda bila kuivunja, kisha swichi iwashwe. Ikiwaka umefaulu, ikivunjika unafagia.

Ijumaa iliyopita tulikusanyika. Mkuu wa chuo alisimama amekunja mikono. Bibi alikalishwa mbele, amevaa viatu vya kutokea, amekamata mkoba kama aliyekwenda kusikiliza hukumu. Mkono ukainuka polepole, ukaikamata balbu kwa adabu, ukaiinua. Holda ilikuwa upande huu. Mkono ukageuka upande ule. Ukaenda, ukaenda, ukasimama mbele ya kifua cha Bibi, umemnyooshea balbu.

Mota zilikuwa zinahema.

Bibi akaweka mkoba chini, akaipokea balbu kwa mikono miwili. "Ahsante, mke mwenza," alisema. "Mwaka mzima hata salamu hukuniletea."

Babu, watu walicheka mpaka Mkuu wa chuo akavua miwani. Bibi mwenyewe alicheka ameshika ubavu, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu uondoke. Jaribio la pili, kwa balbu nyingine, holda ikapata mgeni wake na taa ikawaka. Mkuu akamgeukia fundi wa karakana: "Hilo shuka lipelekwe likafuliwe. Mkono unabaki."

Familia inapenda kuweka wazi kwamba tendo lile la kumkabidhi Bibi balbu lilibuniwa, likapangwa na kutekelezwa kwa ustadi wa hali ya juu na mjukuu wako huyo, msichana mnyenyekevu, mwenye kipaji cha kurithi na huruma isiyo na mfano katika

Hapo, Babu, ndipo maandishi yalipokatika, kwa sababu Shangazi alikuwa ameinyakua karatasi na kuanza kuisoma kwa sauti mezani.

"Ngoja," alisema Bibi. "Rudia hapo pa ustadi."

Shangazi akarudia, kwa furaha ambayo haikuwa ya lazima.

"Nani kaandika haya?"

"Familia," alijibu mjukuu wako.

"Familia iko hapa, inakutazama."

Baba alianza kucheka, lakini Bibi hakucheka. Ile balbu ameiweka kwenye bilauri kando ya kitanda chake, na hamruhusu mtu kuifunga popote. "Nataka kujua," alisema. "Kama ulipanga, ni zawadi yako, nitakushukuru wewe. Kama hukupanga, niambie."

Basi, Babu, msichana mnyenyekevu ni mimi. Sikupanga chochote. Niliandika amri nikiwa nimesimama mbele ya mkono, nikatumia kulia kwangu mimi, na sikuuliza swali ambalo hata wapishi wanalijua. Kimya ndiye aliyegundua kosa na kulisahihisha, wakati mimi napokea makofi na kuinamisha kichwa kama bibi harusi. Nilimwambia Bibi hivyo hivyo, mbele ya wote, masikio yakiniwaka moto.

Bibi alivuta pumzi, akaegemea kiti. "Afadhali," alisema. "Kitu cha kupangwa ningekirudisha chuoni kikatumike. Hiki hakuna aliyekituma, ni changu." Kisha akamwambia Shangazi anirudishie karatasi, niandike yote kama yalivyokuwa.

Wanaokukumbuka: mkeo, wanao watatu na wenzi wao, Shangazi msoma barua za watu, wajukuu wote, Kimya, na mimi niliyekosea. Hatujui namna ya kukusahau, Babu, wala hatuna mpango wa kujifunza.