Mama, Baba Anapiga Mswaki Tena

Mama,

Nimeianza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza nilikuandikia habari za mazishi, nikaona hizo huzihitaji. Leo nakuandikia habari za Baba na meno yake, kwa sababu najua hilo ndilo ungeniuliza kabla hata sijaketi.

Ulipotuacha mwezi wa pili, sisi watoto tuligawana kazi. Peter alichukua shamba la viazi. Mimi, kwa kuwa niko Nakuru, nikawa wa kupanda Kuresoi kila mwisho wa mwezi kumwona Baba. Tuliangalia dawa zake za presha, blanketi, kuni, maziwa. Mdomo wake hakuna aliyeuwaza. Hiyo ilikuwa kazi yako, na uliifanya bila kelele kiasi kwamba tulidhani inajifanya yenyewe.

Mwezi wa tano nilimkuta amekonda. Nilimpikia githeri, mahindi na maharagwe, akaisukuma sahani. Nikamwekea chai na mkate, akauchovya mkate mpaka ukalegea, akautafuna kwa upande mmoja.

"Baba, ni nini?"

"Ni uzee tu, Rhoda."

Nilimwamini, hadi alipopiga mwayo. Nisamehe kwa kukwambia hivi, Mama. Fizi zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, na kulikuwa na damu kwenye meno ya chini. Nikaenda dirishani. Mswaki wake ulikuwa ndani ya kikombe karibu na wako, yote miwili mikavu, imeshika vumbi.

Nilimuuliza ni tangu lini. Akaangalia mikono yake. "Mama yenu ndiye alikuwa ananipa. Anaweka dawa, ananipa, tunasimama wote pale nje. Sasa nikisimama peke yangu..."

Nilijifanya naenda kuteka maji. Nililia kwenye tangi mpaka ndoo ikafurika.

Nilikukumbuka wewe pale, Mama, jinsi ulivyokuwa kabla ya kuwa mama wa watu wengi. Ulinisimulia mara moja tu, tukimenya viazi. Jino lilikuuma msimu mzima wa mavuno na ukalituliza kwa karafuu, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na mimi nilikuwa mgongoni. Shavu likavimba mpaka jicho likajifunga. Ulipofikishwa hospitali walikung'oa meno manne siku moja. Mwingine angerudi nyumbani akiwaogopa madaktari maisha yake yote. Wewe, mdomo umejaa pamba, ulimwonyesha daktari mtoto wako na kumuuliza ufanye nini ili huyu asipitie hayo. Akakwambia: mswaki asubuhi na kabla ya kulala, sukari kidogo, na mlete aangaliwe hata kama haumwi. Ulisoma mpaka darasa la nne, lakini maneno yale uliyashika kuliko sisi tuliosoma.

Kila shule ilipofunguliwa tulipata kalamu mpya na mswaki mpya. Chai ya sukari ilikuwa ya wakati wa chakula, na baada yake maji. Soda tulikunywa Krismasi. Ulisimama nasi nje kwenye ile baridi ya Kuresoi, ukihesabu, na mtu hakutema kabla hujafika mwisho. Likizo ya Aprili na ya Desemba ulituvalisha nguo za kanisa ukatupeleka kliniki ya meno Molo, sote wanne. Jirani wakikuuliza njiani, "Mama Rhoda, ni nani mgonjwa?" ulijibu, "Hakuna mgonjwa. Ndiyo maana tunaenda leo." Walicheka. Mimi niliona aibu, nikatamani uwe kama mama wengine. Leo nina miaka arobaini na mbili na sijawahi kung'olewa jino, na bado sikuwahi kukwambia asante kwa hilo. Asante, Mama.

Baba alikataa kwenda kliniki. Alisema hana maumivu, alisema viazi vinapaliliwa, alisema ataenda siku Peter atakapopata nafasi ya kumpeleka. Mwishowe nilimwambia, "Baba, Mama angekupeleka kesho." Kisha akaniomba nimtafutie koti lake.

Daktari wa Molo siku hizi ni msichana mdogo, mpole, mwenye mikono myepesi. Alimsafisha Baba meno mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Meno mawili ya chini yalikuwa yamelegea, akayang'oa. Aliniambia kwamba fizi zikiachwa hivyo, hata jino zima lisilo na tundu hulegea likaanguka. Halafu akageuza taa, akaangalia tena yale yaliyobaki, moja moja.

"Mzee, haya mengine ni mazuri sana kwa umri wako. Nani alikuwa anakutunzia?"

Baba alikuwa na mdomo wazi. Alisubiri mpaka daktari akamaliza, akajifuta, akasema, "Bibi yangu. Tulimzika mwezi wa pili."

Tangu mazishi hakuwa amekutaja mbele ya mtu mgeni. Alipoanza hakunyamaza. Alimweleza daktari wa watu jinsi ulivyomkuta kijana asiye na mswaki, ukamwambia huwezi kuolewa na mdomo ule. Hiyo sikuijua, Mama. Mbona hukunisimulia? Daktari alicheka, Baba akacheka, mimi nikaangalia ukutani.

Sasa anapiga mswaki mwenyewe, asubuhi na baada ya chakula cha jioni. Hasimami tena pale nje; ameweka kiti karibu na jiko na anaketi. Nilitaka kuutoa mswaki wako dirishani, akanikataza. Nimeuosha tu na kuurudisha. Mwezi uliopita alikula mahindi ya kuchoma, polepole, kwa meno aliyobaki nayo, akamaliza.

Jumapili alinipigia simu. Nilidhani ni presha. "Na wewe Rhoda, mara ya mwisho ulienda lini?" Ilikuwa miaka miwili. Nimeenda Jumatano hapa Nakuru, nikakutwa na tundu dogo ambalo halikuwa limeanza kuuma, likazibwa siku hiyo hiyo. Nilimpigia kumwambia, akasema, "Vizuri," vile ulivyokuwa ukisema wewe, kisha akakata simu.

Pumzika, Mama. Mwezi wa kumi na moja ni zamu yake tena, na nimeshaomba ruhusa kazini. Nakuahidi nitampeleka mwenyewe, na mwaka utakaofuata pia, maadamu yuko nasi. Yeye naye ameniambia nikuandikie kwamba hajakusahau hata siku moja.

Mtoto wako,
Rhoda