Pale Chini ya Mibuni

Dar es Salaam
21 Januari 2024

Baba Benno,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Namswea, na hiyo ngiri yako inasemaje? Mimi nipo. Siwezi kusema ni mzima, maana ningekuwa mzima ningefuata nini huku.

Naandika kwa sababu simu yetu naijua. Mpaka upande kilimani kwa Tarsisi katekista, umati mzima upo pale unatafuta mtandao, na wewe ukishika simu unapiga kelele kama unaita ng'ombe. Saratani ya shingo ya kizazi si jambo la kupigiwa kelele kilimani. Basi barua atazileta konda wa basi.

Mionzi nimeanza. Unalala juu ya meza, wote wanatoka wanakuacha na mashine, inazunguka, haiumi. Hicho ndicho kinachonichanganya. Kitu kisichouma kinatibuje? Ukisharudi hosteli ndipo mwili unadai, unaharisha, unatapika, chakula unakiona adui. Nimepangwa chumba kimoja na Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani, saratani yake yeye ni ya titi. Asubuhi anaimba mpaka natamani kumrushia kandambili.

Kusali nako sikuwezi. Rozari nafika tendo la pili nasahau nilipo. Namwuliza Mungu kwa nini mimi na si fulani, halafu namwonea huruma huyo fulani asije akaugua kweli.

Ila juzi alikuja padre anayezungukia wagonjwa. Akanipaka mafuta kwenye paji la uso na viganja. Sijui nikuelezeje. Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Lakini nililala usiku kucha, na asubuhi niliamka nina hamu ya chai. Nikanywa vikombe viwili na havikurudi! Jana nikapanda kwenye ile meza bila kutetemeka. Nimepata nguvu, Baba Benno, na ndiyo habari yangu kubwa.

Kuku wafungie mapema.

Mkeo,
Mama Benno


Namswea
30 Januari 2024

Mke wangu mpendwa Emerensiana,

Milele amina. Sisi tunavuta pumzi. Mvua ipo, mahindi yamependeza, ila hakuna mwenye moyo wa kuyatazama.

Habari ya padre nimeisoma na nimeielewa. Hukuhitaji kuongeza neno. Nakushukuru kwa kuiandika kwa upole, ukaweka na mambo ya chai ili nisiumie.

Ndugu nimewaambia. Jumuiya wanakuja kusali hapa kila jioni. Kaka zako wa Kingerikiti wamefika na wanalala hapa hapa. Benno ameomba ruhusa kazini huko Kigoma.

Pale chini ya mibuni, karibu na alipolala mama yangu, nimepasafisha. Ile mibuni miwili ya pembeni nimeing'oa ili pawe na nafasi. Lakini kaka zako wanasema wewe ni wa kwao, urudi Kingerikiti. Sitaki ugomvi siku hiyo. Niandikie kwa mkono wako unataka wapi, na mimi nitakuheshimu.

Kama nilikukosea, nisamehe. Mimi nimekusamehe yote, hata ule ugomvi wetu wa pikipiki.

Mumeo,
Xaveri


Dar es Salaam
6 Februari 2024

Baba Benno,

Salamu leo sina. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa sakafuni.

Kumbe ndivyo. Daktari alimwambia padre, padre akaja kunipaka, na ninyi mkaambiwa. Mimi mwenye mwili wangu mkaniacha nifurahie chai! Hata hukuniita Mama Benno. Tangu tuzae hujawahi kuniita Emerensiana, isipokuwa kwenye cheti.

Nilikupigia nikuulize. Bahati ulikuwa kilimani, ukapokea, ukanitaja jina, ukaanza kulia, mtandao ukakata. Mama yako alipofariki hukutoa chozi, nilikuwepo. Nikajua basi, limeshaisha.

Kwenye mionzi siendi tena. Ya nini? Na yale mafuta niliyodhani yamenitia nguvu, sasa najiona kama mtoto aliyepewa pipi ili asilie. Mungu simwelewi. Nikianza Baba Yetu naona kama nasali kwenye msiba wangu mwenyewe. Ile nguvu niliyokuandikia ilikuwa ya nani, yangu au yake? Mbona imeondoka kwa karatasi moja tu?

Sekela anasema niende kwa daktari nimwulize uso kwa uso. Siendi. Nikimwuliza atanijibu.

Nimekata tiketi ya Jumanne ijayo, tarehe kumi na tatu. Simu nimeizima, sitaki kusikia mtu analia. Nataka chini ya mibuni, waambie kaka zangu waache kelele. Na ya pikipiki nilikuwa na haki, usijifanye unanisamehe.

Mkeo


Namswea
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama Benno, usipande basi!

Tumsifu Yesu Kristo, salamu nyingine zitafuata. Sikia kwanza. Hakuna daktari aliyepiga simu, na padre hajasema neno na mtu wa huku. Ni mimi. Ni mimi mwenyewe na kichwa changu.

Wewe unajua hapa kwetu. Padre akionekana anaingia nyumba ya mtu na mafuta, wanaume wanaanza kuulizana majembe yako wapi. Mama alipakwa asubuhi, jua halijazama tukawa tunagonga misumari. Sasa nikasoma kwamba umepakwa. Ningeelewa nini? Yale ya chai nilidhani unanibembeleza.

Leo ni siku ya kuwaombea wagonjwa. Padre Mansuetus akasema wote wenye magonjwa waje mbele wapakwe. Hakuna aliyeinuka. Wazee wakatazama chini. Bibi Serafina, na kifua chake kile cha kukohoa mwaka mzima, akachukua kanga yake akatoka nje. Padre kwanza alicheka, halafu akakasirika. Akasema, "Mnaniita mtu ameshakata kauli, mnataka nimpake nani? Haya mafuta ni ya mgonjwa, tunaomba Bwana amwinue! Anayekufa ana Komunyo yake ya njiani."

Nilisimama katikati ya misa, Mama Benno. Nikasema, "Padre, mke wangu amepakwa huko Dar, kwa hiyo hafi?" Watu wakageuka wote. Akaniuliza, "Daktari amesema nini?" Nikajibu sijui, sijamwuliza. Nilitamani sakafu inimeze.

Basi nikaenda mbele na ngiri yangu. Nikawa wa kwanza. Nimepakwa, na hivi nimetoka kula ugali na usipa, na sijafa.

Sikuambii utapona, maana na hilo sijui. Sasa hivi hata sijui nani mgonjwa na nani mzima. Ila ujue nilipalilia kaburi la mtu ambaye hakuna aliyesema anakufa. Rudi kwenye mashine. Nimepanda kilimani, simu yako haipatikani. Bodaboda anaipeleka hii Mbinga sasa hivi, iwahi basi la kesho alfajiri.

Mumeo,
Baba Benno


Namswea
25 Februari 2024

Mama Benno,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, sijui wewe.

Ile Jumanne nilikwenda stendi ya Mbinga nikangoja basi mpaka abiria wa mwisho akashuka. Hukushuka. Nikafurahi, nikamnunulia konda soda. Nikiwa njiani kurudi nikajiuliza, sasa nafurahia nini? Kama hayupo kwenye basi, yuko wapi? Konda mwenyewe alikuwa mwingine, amepokea basi njiani, hajui lolote.

Kaka zako bado wapo, wanakula kuku. Jumuiya nao wamechanganyikiwa, wengine wanasali sala za mgonjwa, wengine wanaendelea na zile za marehemu walizoanza. Benno nimemwambia asije, halafu nikamwambia aje, sasa hapokei simu yangu.

Niandikie hata neno moja. Kama mkono umechoka, mwambie huyo Sekela.

Mumeo


Dar es Salaam
10 Machi 2024

Baba Benno,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, baba? Nipo, na mkono ni wangu, tazama unavyoyumba.

Siku ile alfajiri nilikuwa stendi na begi langu, Sekela amenisindikiza huku ananinunia. Konda akasoma jina kwenye tiketi akasema, "Mama Benno wa Namswea? Una mzigo wako hapa." Nikaisoma barua yako pale pale, nimekaa juu ya begi. Nilipofika kwa Bibi Serafina na kanga yake nikacheka mpaka watu wakadhani nimerukwa na akili, halafu nikalia. Basi likaondoka. Kuja kutazama mkoba, simu hakuna, wajanja wa stendi wameshafanya kazi yao. Ndiyo sababu ya kimya, hiyo na mwili. Mionzi ilinipiga chini kweli, kalamu nilikuwa siwezi kuishika.

Nesi alinigombeza kwa zile siku nilizotoroka, wakaniongezea nyingine. Nikajikaza nikamwuliza daktari, "Nakufa?" Akasema, "Nani amekuambia?" Nikashindwa kukutaja.

Nimemaliza Ijumaa. Nimepona? Hawasemi. Wanasema niende nyumbani, nirudi baada ya miezi mitatu waangalie. Kwa hiyo sijui, na wewe hujui, na daktari hajui bado. Wiki zile mbaya sikuweza rozari hata tendo moja. Nilikuwa naweka tu viganja wazi juu ya shuka, vile vilivyopakwa, namwambia Mungu, unaona mwenyewe. Sekela ananiimbia na simrushii kandambili tena. Nguvu ile ya chai haikurudi kama siku ya kwanza. Imerudi ndogo, ya kuniamsha kitandani, na kila asubuhi naikuta. Sijui nielezeje zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza. Pale chini ya mibuni ulipopasafisha, pasikae wazi hivyo, panatisha. Kata majani uyalaze, kama unavyolaza miraba kila mwaka msimu wa mashimo yetu ya ngoro. Kuchimba mashimo katikati na kufunika majani kwa udongo ni kazi ya mwanamke, ni yangu, asiiguse mtu. Tutapanda maharage. Kaka zangu waende kwao.

Nafika Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu.

Mkeo,
Mama Benno


Namswea
18 Machi 2024

Mama Benno,

Milele amina. Sote wazima. Bibi Serafina naye amepakwa, alimwita padre mwenyewe, na jana alikuwa sokoni anabishana bei ya ndizi. Mimi nimekwenda kupima ngiri, wamenipa siku ya kupasuliwa. Naogopa sana, nikuambie ukweli.

Majani nimeyalaza. Nimepanga miraba mizuri kuliko mwaka jana. Kina mama wa jumuiya walikuja na majembe wakuchimbie, nikawarudisha. Nimewaambia mwenye shamba yuko njiani. Tarsisi akaniuliza, je, kama akifika hana nguvu? Nikamjibu, nitamwekea kiti pale pembeni, nichimbe mimi, yeye anigombeze, na wanaume wa Namswea waje wacheke mpaka wachoke.

Kiti nimeshakitoa nje. Jumamosi nitakuwa stendi.

Mumeo,
Baba Benno