Siku Mfumo Ulipokutangaza

Nakwa, Babati
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa rafiki yangu Naitira,

Pokea salamu zangu pamoja na pole. Kwa kawaida hapa ningekuuliza kama u mzima na kama wa nyumbani wote hawajambo, lakini nyumba yenye msiba haiulizwi hivyo. Basi nasema tu poleni kwa kuondokewa na Mama. Pole wewe, pole Baba, pole wadogo zako. Mimi ni mzima wa mwili. Shangazi Evelyne naye ni mzima, ila simwoni sana. Anazunguka na minada ya nguo, wiki hii yuko Katesh, na nyumba nabaki nayo peke yangu.

Mjomba wako Kilusu ameniambia kwamba siku ya mazishi uliniulizia, na kwamba ulimwambia Baba bila shaka Aikande yuko njiani. Sikuwa njiani, Naitira. Nilikuwa chumbani nimejifunika shuka. Nimeanza kukuandikia ujumbe wa simu mara nyingi nikaufuta, kwa hiyo nimeamua kuandika kwenye karatasi nimpe mjomba akuletee. Ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama bado mimi ni rafiki yako.

Tulipomaliza kidato cha nne na ninyi mkahama Singe mkarudi Simanjiro, nilipata kazi kwa Bwana Melkiori, mwenye tovuti ya matangazo hapa mjini. Watu hutuma habari za harusi, za ng'ombe aliyepotea, za mikutano ya vikundi, na za misiba. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma, kuziandika vizuri na kuziweka mtandaoni. Tangazo la msiba lilikuwa na sharti lake: lazima nimpigie simu aliyelituma, nimpe pole, kisha nihakikishe jina la marehemu. Mimi huyu, niliyekuwa nakutuma wewe ukaniombee ruhusa ya kwenda chooni! Mwanzoni nilitetemeka mpaka wafiwa wakawa wananibembeleza mimi. Mama mmoja wa Bonga aliniuliza kama na mimi nimefiwa. Lakini nilizoea. Hata nilianza kuzipenda simu zile, Mungu anisamehe, kwa sababu siku nyingine hapakuwa na sauti nyingine iliyosema na mimi.

Kisha Bwana Melkiori akamleta fundi kutoka Arusha, anaitwa Baltazar, kijana mwenye maneno mengi anayeniita dogo. Alisema tunafanya kazi kizamani. Akahamishia picha zote na matangazo yote kwenye mfumo mmoja ulioko mtandaoni, akauunganisha na namba ya ofisi na makundi ya WhatsApp. Ujumbe ukiingia, mfumo wenyewe unausoma, unachagua jina, mahali na siku, unatafuta picha ya mwenye jina kama imo ndani yake, kisha unatangaza kila mahali bila mkono wa mtu. Bwana Melkiori akawa anawaambia wageni kwamba kazi zetu sasa zinahifadhiwa mawinguni. Mzee Alois, mlinzi wetu, akauliza ikinyesha itakuwaje, tusije tukaokota harusi za watu kwenye matope. Baltazar alicheka mpaka akakaa chini.

Siku moja Baltazar akaniomba msaada. Alisema watu wanatanguliza vyeo na maneno ya heshima mbele ya majina, na mfumo unachanganyikiwa, unadhani Mzee ni jina la mtu. Nimtajie maneno yote ya namna hiyo ili aufundishe kuyaruka. Nikamtajia: Mzee, Bwana, Bibi, Mwalimu, Mchungaji, Baba, Mama. Akasema dogo una akili, ungekuwa Arusha ungeshatajirika. Nilifurahi mchana kutwa. Hakuna mtu aliyekuwa amenisifu tangu mahafali yetu.

Mfumo ukafanya kazi kweli. Simu ya mezani kwangu ikanyamaza. Nikabaki kupanga picha za zamani na kuzipa majina, na kuna siku niliondoka ofisini neno langu pekee likiwa shikamoo kwa Mzee Alois. Picha za mahafali yetu nazo zilikuwamo, nikazipanga. Yako ni ile uliyovaa shanga za Mama juu ya sare. Niliiandika jina, Naitira Kipuyo wa Singe, nikawa naifungua wakati wa chakula cha mchana kama mtu anayekula na mwenzake.

Alhamisi ile asubuhi nilikuwa nakunywa chai ofisini, tangazo likaingia kwenye simu yangu kama lilivyoingia kwa watu wote. Picha yako. Chini yake: Naitira wa Singe amefariki dunia, mazishi Simanjiro. Nilisoma, nikasoma tena. Nikakupigia, hupatikani. Baltazar akasema pole sana dogo, na kwamba mfumo hauna cha kuongeza, unatangaza kilichotumwa. Nikafungua simu nitafute mtu wa kumwambia, na jina ambalo kidole changu kilikwenda kulitafuta lilikuwa lako. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwamba umekufa.

Haukupita muda, mjomba Kilusu akaingia na fimbo yake bila hata kupiga hodi. Alifoka kwamba kina mama wa Singe wamejaa uani kwake wanamlilia mtoto aliye hai, na kwaya imeshachagua wimbo. Akamuuliza Bwana Melkiori kama ofisi yake inazika watu kwa kubahatisha. Akatuonyesha ujumbe alioutuma yeye mwenyewe: Mama Naitira wa Singe amefariki dunia. Baltazar akauangalia, akaniangalia mimi. Mfumo uliruka neno Mama kama tulivyoufundisha, na aliyebaki ukawa wewe.

Nilisema mbele yao kwamba neno lile nililitoa mimi. Bwana Melkiori hakunigombeza sana, alisema hata yeye angelitaja. Tangazo likarekebishwa, na tangu siku hiyo misiba haipiti kwenye mfumo, napiga simu tena. Katika kurekebisha ndipo nilipojua kwamba mama yako aliitwa Namayiana. Miaka yote nimekunywa maziwa yake siku za kutembelewa, ananiita mwanangu, na sikuwahi kumuuliza jina.

Lakini kama ingekuwa ni kosa hilo tu, ningekuja mazishini nikaomba radhi. Kuna jambo ambalo sijamwambia hata Shangazi.

Mjomba aliposema aliyefariki ni mama na si wewe, nilipiga makofi. Nilisema kwa sauti, asante Mungu, asante Mungu, kumbe ni mama yake! Nikacheka, Naitira, mbele ya kaka wa marehemu. Mjomba aliniangalia, akashusha fimbo, akakaa kwenye kiti cha wageni. Akasema taratibu kwamba ndiyo, mtoto yupo. Kisha akaanza kulia. Ndipo nilipotambua kwamba tangu aingie, katika kelele zote zile za mfumo na majina, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amempa pole.

Nadhani hajakwambia. Ni mtu mwema. Ndiyo maana sikuja, maana ningekushikaje mkono? Nimejaribu kuijutia furaha ile na sijaweza kuimaliza. Namlilia Mama kweli, lakini kila nikilia kuna kitu ndani yangu kinasema Naitira yupo, na hakitaki kunyamaza. Sijui Mungu anauonaje moyo wa namna hiyo. Sikutaka tu uje usimuliwe na mwingine.

Mjomba anaondoka kesho na barua hii. Mimi nakuja Jumamosi, Shangazi amekubali. Nitakwenda kwanza kwa Baba nimpe pole, kisha nitakaa uani. Kama moyo wako utakataa, baki ndani, usijilazimishe, nitarudi zangu na gari la Jumapili. Lakini pole yako nitaisema kwa mdomo wangu, hata kama nitaisemea mlangoni.

Mfikishie Baba shikamoo yangu. Wadogo zako uwaguse vichwa kwa niaba yangu, mmoja mmoja. Mungu ampumzishe Namayiana, na wewe akupe nguvu ya kula na kulala.

Ni mimi, rafiki yako kama utapenda,
Aikande