Maji Aliyonitekea Mkwe Wangu

Ngomeni, Jumatano

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai magoti yamekupoa na usingizi waupata. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila nyumba imepooza. Usishangae kupata karatasi zama hizi za simu. Nimekupigia mara mbili nikakata mwenyewe kabla hujapokea, maana sauti yangu waijua. Barua hii anakuletea shemeji Badawi akija na samaki. Isome ukiwa peke yako.

Wakumbuka lile gauni la harusi ya dada Salha lilivyonigomea kiunoni kwa fundi, na mashangazi wakacheka hadi wakafuta machozi? Nami nilicheka, lakini mama, liliniuma. Basi rafiki yangu Purity wa Bofa akaniambia dawa ya unene ni maji: ninywe niamkapo, ninywe kabla ya kula, nikisikia njaa ninywe tena, na mafuta yatayeyuka yenyewe. Nikaamini, mjinga mimi! Mwezi wa tatu sasa nabugia maji kutwa, chooni siishi kwenda, na wali naudokoa tu kisha naisukuma sahani.

Nawe wavijua visima vya Ngomeni, chumvi tupu. Maji ya kunywa twayafuata bombani, mbali, kwa mitungi ya kichwani. Mkwe wangu Bi Jaha akaona mtungi wakauka kabla ya adhuhuri, akaona sili, akaona safari zangu za chooni. Hakuniuliza neno, kwani kwao mimba changa haitajwi, huogopewa kijicho. Alinipokonya mtungi tu, akasema mimi sasa si mtu wa kubeba vizito, atateka yeye. Nikafahamu papo hapo alichodhania. Miaka minne ya ndoa, mama, hajanisimanga hata siku moja kwa kutozaa, na siku ile nilimsikia akiimba jikoni. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake akaniletea maji kitandani, nami nikayapokea nikayanywa. Wiki zikaenda hivyo, naye akaona mimba si changa tena. Akamnong'oneza mume wangu Adnan huko Mombasa kazini, akakupigia na wewe, ukapiga vigelegele kwenye simu. Ningeufungua mdomo vipi tena?

Jumapili mvua ilinyesha, njia ikawa utelezi. Akaanguka na mtungi kichwani, nyonga ikavunjika. Waliomwinua wasema neno lake la kwanza lilikuwa kwamba maji yamemwagika na Lubna hajanywa.

Jana nilikuja kumtazama hospitalini hapo Malindi. Wallahi nilikusudia kusema. Akaniuliza kama mtoto ameanza kucheza. Mama, niliuchukua mkono wake mwenyewe, nikauweka juu ya tumbo langu, nikamwambia bado kidogo. Hakuna mtoto, mama. Hakuwapo tangu mwanzo, ni maji tu. Kisha nikapita mtaa wa nyuma nimejifunika uso nisikutane nawe.

Najua Ijumaa baada ya sala wataka kwenda kumwona, na kwamba fulana za mtoto umekwisha kuzifuma. Nakuomba usizichukue. Nitafika asubuhi ya siku hiyo nimwambie kwa kinywa changu, nawe uwe mlangoni mwa wodi, kwa sababu peke yangu naogopa nitadanganya tena. Adnan nitamwambia jioni. Wakinifukuza, nitakuja kwako kama utanipokea. Lile gauni sasa laniingia, tena lapwaya. Tumbo limelala kama nilivyolitaka, na kulitazama siwezi.

Msalimie dada Salha, wala usimharibie furaha yake kwa habari zangu. Mashangazi nao wasalimie. Niombee dua, mama, na ukiweza unisamehe.

Ni mimi mwanao mkosefu,
Lubna

Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Jirani ameingia sasa hivi na mtungi umejaa hadi shingoni. Asema Bi Jaha amempigia simu toka kitandani, amemsihi anitekee yeye mpaka atakaporudi.