Ndoo ya Udhu

Jumatatu, 8 Desemba
Soko la Shahe tangu asubuhi, nanunua suruali za watoto kwa jumla. Narudi, ukuta wa bafuni umevimba tena, rangi inabanduka. Mwenye nyumba, Laoban, kashuka kutoka ghorofa ya juu na hukumu mkononi: ni sisi, na kunawa kwetu miguu mara tano kwa siku. Ijumaa tuhame. Bi Saada, mama wa Kiunguja ninayepanga naye chumba, kamkatalia kwa Kichina: "Meiyou!" Hakuna kitu kama hicho. Mimi nikaendelea kuhesabu suruali. Tangu talaka yangu ije kwa simu, sisikii kitu, si uchungu si furaha.

Jumanne, 9 Desemba
Fundi wa mabomba kaja na kifaa cha kutafutia panapovuja. Anafunga koki kubwa ghafla. Maji yanashtuka ndani ya bomba, mshtuko unakimbia mpaka mwisho na kurudi. Penye ufa unarudi mapema, na kwa muda huo anajua ufa uko umbali gani. Sharti moja: jengo zima, mtu asifungue bomba.
Ikaingia Adhuhuri. Bi Saada akafungua bomba atawadhe. Mazoea tu, masikini. Mistari kwenye skrini ikavurugika yote. Laoban kacheka, katunyooshea kidole. Aibu gani hii! Naandika aibu kwa sababu najua ndilo jina lake. Kifuani hamna kitu.

Jumatano, 10 Desemba
Bi Saada hataki kula. "Mwanangu, nimekufukuzisha nyumba." Ilikuwa nimkumbatie. Nikaendelea kufunga mizigo. Fundi amekubali kurudi kesho, mara ya mwisho.

Alhamisi, 11 Desemba
Tumejaza ndoo kabla fundi hajafika. Bi Saada katawadha juu ya beseni, kata kwa kata, hata tone halikugusa sakafu. Bomba hatukuligusa. Koki ikafungwa. Mshtuko ukarudi mapema.
Fundi kapima, kapanda ngazi, kasimama jikoni kwa Laoban. Wakabomoa vigae. Bomba lake mwenyewe, limeachia kwenye kiungo.
Tunabaki. Laoban kaleta machungwa. Samahani hakuleta.

Ijumaa, 12 Desemba
Hatukuhama. Asubuhi nimemkuta Bi Saada anajaza ndoo tena. Anaogopa bomba. Maji ya ndoo nikayafulia kanga zake, nikamfungulia maji, nikasimama na taulo. Akawa anatawadha polepole, ananitazama kama anaomba ruhusa. Maji yakanirukia mkononi.
Baridi. Nimeyasikia. Nikalia pale pale, na taulo la watu mkononi.